Matumbo ya sato yasimwagwe ziwani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopanga mipango ya vizimba vya samaki Kanda ya Ziwa: wafikirie pia kinachobaki samaki akishaparwa.

Kazi yangu ni kupara samaki mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, Ilemela. Vizimba vikivunwa, sato wanakuja kwa kreti, na wateja wa hoteli wanataka minofu tu. Minofu ya sato ni kama theluthi moja ya uzito wake. Vichwa na migongo vina wenyewe, mama lishe wanavigombania. Matumbo ndiyo yanayomwagwa ufukweni, yanaoza juani, mvua ikinyesha yanaingia ziwani, kwenye maji yale yale tunayofugia.

Hicho ni chakula kinamwagwa. Mimi huyachemsha yakiwa mabichi, mafuta yanapanda juu nayaengua, makapi nachanganya na pumba za mahindi na kuanika kwenye turubai. Kuku wangu wa mayai wanakula. Lazima mafuta yaenguliwe vizuri na usizidishe kipimo, la sivyo yai linanuka samaki na mteja harudi. Masika, jua likikosekana, unaweza kuyasaga, ukatia molasi na maziwa mgando, ukafunika pipa; uchachu unazuia yasioze. Norway, kwa wafugaji wa samoni, kazi hiyo hufanywa kwa asidi viwandani. Huku kwetu kuku analishwa dagaa ambao mtoto angekula, na hilo linaniuma sana.

Bondo la sangara, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwake, nalo lilikuwa likitupwa. Leo kilo yake inapita mbali bei ya minofu, na waliofaidi ni waliowahi kujua. Sitaki matumbo nayo yachukuliwe bure na mwenye kiwanda, kisha aturudie kutuuzia chakula cha kuku.

Kila mwalo unaopokea samaki wa vizimba uwekewe mapipa yenye mifuniko, mashine ya kusaga na banda la kuchemshia lenye sakafu ya saruji, na vikabidhiwe vikundi vya kina mama waparaji. Maafisa uvuvi watufundishe pia kwamba sato wasilishwe mabaki mabichi ya sato wenzao, maana magonjwa huenea hivyo. Na mikopo ya vizimba inapotolewa, gharama hii ihesabiwe humo humo.

Mama mparaji,
Ilemela, Mwanza