Kadi ya miaka kumi si ruhusa ya kukaa Mtwara miaka kumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku kwetu Kusini linasemwa barazani kwa uhakika mkubwa na ujuzi mdogo, nalo ni habari ya vijana wetu waliopata ukaazi wa kudumu wa Marekani, wengi wao kwa bahati nasibu ya viza, ambao hurudi nyumbani kututazama na kisha hutakiwa kuingia tena katika nchi iliyowapokea. Mimi si mwanasheria. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Mikindani. Lakini mwaka 2024 mpwa wangu alikuja kumuuguza mama yake, na katika miezi mitano aliyokaa nasi nilijifunza, tena kwa aibu kidogo, kwamba watu walioelekea kumkwamisha hawakuwa Wamarekani bali ni sisi ndugu zake.

Binti huyo aliingia Marekani mwezi Novemba 2023 akiwa mkaazi mpya. Kabla hajatimiza miezi mitatu tukampigia simu kwamba dada yangu amepatwa na kiharusi, naye akafunga safari mwisho wa Januari, wakati kadi yake, ile ambayo vijana huiita grini kadi, haijafika kwa posta. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja aliapa kwamba bila kadi mkononi mtoto ameshapoteza kila kitu. Mwingine akasema kinyume chake kabisa: kwamba kadi ni ya miaka kumi, basi mwenye nayo anaweza kulima korosho zake Tandahimba miaka tisa na kurudi Marekani mwaka wa mwisho kuihuisha. Wote wawili walikuwa wamekosea, na nasikitika kusema kwamba aliyeniridhisha mimi wakati ule alikuwa wa pili.

Kuhusu kadi ambayo haijafika, ukweli ulikuwa ndani ya pasipoti yenyewe. Usiku mmoja tuliitandaza mkekani, nikavaa miwani yangu na kumwomba mdogo wake amulike kwa simu, nikasoma neno kwa neno mstari wa herufi ndogo ulioandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi ya viza ya uhamiaji. Unasema kwamba viza hiyo, ikishagongwa muhuri wa kuingia, inasimama mahali pa kadi kuwa uthibitisho wa ukaazi wa kudumu kwa muda wa mwaka mmoja. Muhuri ulikuwepo, na tarehe ya Novemba ilisomeka. Kwa hiyo mkaazi mpya anaweza kusafiri na kurudi kwa pasipoti hiyo mwaka ukiwa haujaisha, mradi asiipoteze. Kadi hutengenezwa baada ya ada ya uhamiaji kulipwa mtandaoni, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 235, na hutumwa katika anwani ya huko Marekani. Asiyelipa ada hiyo ataisubiri mpaka achoke, ingawa kutokuwa nayo hakumwondolei ukaazi.

Jambo la muda ndilo lililotuponyoka. Sisi tuliozaliwa karibu na Ruvuma tumezoea mpaka wa aina nyingine. Kabla ya Daraja la Umoja kufunguliwa mwaka 2010, na hata baada yake, mtu huvuka kwenda Msumbiji kumzika shangazi, akakaa msimu mzima, akaoa, akarudi na watoto, na hakuna aliyemhesabia siku. Ukaazi wa kudumu wa Marekani hauendi hivyo. Kama jina lake linavyosema, ni ruhusa ya kukaa huko, na anayeacha kukaa huko hujiweka katika hatari ya kuambiwa kwamba ameutelekeza, hata kama kadi yake imebakiza miaka minane. Akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, sheria yao humruhusu ofisa wa mpakani kumchukulia kuwa mtu anayeomba kuingia upya, na hesabu yake ya miaka mitano ya kungojea uraia inaweza kukatika. (Uraia ni shauri jingine, kwa kuwa kwa sheria yetu mtu mzima akiuchukua wa kwao hupoteza wa kwetu, lakini ukaazi peke yake haumwondolei mtu uraia wake: mpwa wangu alibaki Mtanzania na aliingia nchini kwa pasipoti ya Tanzania bila kuulizwa viza.) Akipitisha mwaka mzima, kadi haimfai tena kuwa hati ya kuingilia. Wala ule ujanja wa kwenda kukanyaga ardhi ya Marekani wiki moja kila mwaka na kurudi si kinga, kwa sababu kinachotazamwa ni makazi halisi: nyumba, kazi, kodi ya mapato, na familia iko wapi.

Sasa tazama sisi tulivyofanya. Dada yangu alifariki katikati ya Ramadhani. Hakuna aliyethubutu kutaja safari kabla ya arobaini, na hilo silijutii. Arobaini ilisomwa Ijumaa tarehe 3 Mei, tiketi ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya tarehe 8, na Jumamosi kimbunga Hidaya kikatufikia. Wasomaji wa Kusini hawahitaji kukumbushwa: barabara ilikatika upande wa Somanga, mabasi yakasimama, watu wakalala njiani, na nafasi za ndege kutoka Mtwara zikawa za kugombaniwa. Ndege ya Dar ikaondoka bila yeye. Hiyo ilikuwa kudura. Kilichofuata hakikuwa kudura. Wazee walikaa wakasema, maadam safari imeshavunjika, basi angoje unyago wa mdogo wake wakati wa likizo ya Juni, kwa kuwa mama hayupo na dada mkubwa ndiye wa kusimama. Kwa mila zetu za Kimakonde mjomba ana sauti katika mambo haya, na naungama mbele ya wasomaji wako kwamba sauti iliyofunga shauri ilikuwa yangu. Binti alinitazama akasema, “Mjomba, siku zangu zinahesabiwa kule.” Nikamjibu kwamba kadi ni ya miaka kumi.

Baadaye, nilipoanza kuingiwa na hofu, nilifanya kosa kubwa zaidi. Kijana mmoja mwenye duka la steshenari mjini aliniambia kwamba kuna hati ya ruhusa ya kurejea ambayo humwezesha mkaazi kukaa nje hadi miaka miwili, na kwamba yeye angeiombea hapahapa Mtwara kwa shilingi laki nne. Nilimpa laki moja na nusu ya kuanzia. Hati hiyo ipo kweli, na hapo ndipo uongo wa vishoka unapopata nguvu, kwani huufunga ndani ya ukweli. Ila huombwa kwa fomu I-131 mwombaji akiwa bado yuko ndani ya Marekani, na alama za vidole huchukuliwa hukohuko. Aliyekwisha kutoka hana namna ya kuiomba akiwa Mtwara. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha maelezo hayo katika tovuti ya serikali yao. Fedha yangu sikuiona tena, na kijana yule siku hizi akiniona hujifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Aliondoka mwanzoni mwa Julai, akaingia Marekani siku ya 158 tangu alipotoka. Uwanjani Dar es Salaam sikuruhusiwa kupita mlango wa abiria, kwa hiyo haya ninayaeleza kama alivyonisimulia kwa simu. Dada wa kwenye kaunta alimwuliza kadi. Akampa pasipoti, akafungua ukurasa wa viza, akaweka kidole juu ya ule mstari mdogo tuliousoma mkekani. Dada akaita mkubwa wake, mkubwa akaisogeza pasipoti mpaka karibu na pua, akahesabu miezi kwa kugusa vidole, akairudisha, na mizigo ikapimwa. Simlaumu mtu hapo. Shirika la ndege likimpeleka Marekani abiria asiye na hati hutozwa faini, na ni haki yao kusoma mara mbili. Ninachosema ni kwamba abiria ambaye hajui mstari huo uko wapi anaweza kushindwa kujitetea huku foleni inamsukuma mgongoni.

Upande wa pili aliulizwa alikuwa nje muda gani, kwa sababu gani, na anafanya kazi wapi. Alikuwa na cheti cha kifo cha mama yake, tiketi ya zamani iliyovunjika, na barua ya mwajiri wake. Aliulizwa pia amebeba chakula gani, akataja korosho zote alizofungiwa na shangazi zake, zilizobanguliwa na kukaangwa, na zikapita. Anayeficha ndiye hutozwa.

Kwa ndugu ambao jamaa yao amekwama tayari, yapo mambo mawili ambayo ningependa wayajue kabla ya kumwendea kishoka. Aliyepoteza kadi akiwa nyumbani, na hajatimiza mwaka nje, hulipia fomu I-131A na kwenda ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kuomba hati ya kumpandisha ndege. Aliyepitisha mwaka anaweza kuomba hapohapo viza ya mkaazi anayerejea, lakini atatakiwa kuthibitisha kwamba alitoka akiwa na nia ya kurudi na kwamba alizuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Ugonjwa mzito, nadhani, utaeleweka. Unyago sijui ningeuelezaje. Tena, mkaazi akifika mpakani na kuwekewa mbele fomu I-407 ya kuukana ukaazi wake, halazimiki kuitia sahihi. Ana haki ya kutaka shauri lake lisikilizwe na hakimu wa uhamiaji. Asiyejua husaini kwa woga na uchovu wa safari.

Ndugu Mhariri, magazeti yetu huandika sana kuhusu fedha ambazo vijana walio nje hututumia. Ningefurahi kama mara mojamoja yangeandika pia namna sisi wa nyumbani tunavyoweza kuwavunjia njia kwa mapenzi. Mpwa wangu alikwisha kupata kadi, na amesema atakuja Desemba kulijengea kaburi la mama yake, wiki tatu tu. Tarehe ya kurudi kwake nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala la korosho, na wazee wote niliwaita, mmoja baada ya mwingine, wakaja kuisoma.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara