Kwa vijana wa bodaboda wa Chake Chake

Assalaamu alaykum wanangu,

Miaka yote niliyoendesha gari ya abiria baina ya Chake na Konde sikumgonga mtu, ila siku moja ilibaki shubiri. Njia ile niliijua kwa saa zake. Saa sita na nusu wanatoka watoto wa skuli, saa kumi na moja wa chuoni kwa masomo ya Kurani, na kabla ya kona mguu ulikwenda wenyewe kwenye breki. Siku hiyo ustadhi aliwafungulia mapema, kuna maziko. Saa kumi kasoro, jua kali, barabara nyeupe, mtoto wa kanzu akakatisha, nami nikamwona yuko hatua tatu mbele ya bampa. Nikenda kupimwa macho. Mazima!

Baadaye nikasoma. Mwaka 2017 Rachel Denison na wenzake wa chuo kikuu cha New York waliwaonyesha watu picha mbili za mistari iliyoinama, moja nyuma ya nyingine, pengo lake halifiki nusu sekunde. Mlio uliwaambia waikazie ipi. Ile waliyoikazia waliiona vizuri zaidi, lakini nyengine waliiona vibaya kuliko pale walipotakiwa kuziangalia zote sawasawa. Hawakuongezewa macho: walichopata kwa wakati mmoja walikitoa kwenye wakati mwengine. Wengine wamepima wakakuta jicho hutulia, hata kupepesa hupungua, jambo linalotarajiwa likikaribia.

Wao walipima chini ya sekunde, mimi nazungumzia alasiri nzima, na najua si kitu kimoja. Lakini yule mtoto nilichelewa kumwona kwa sababu saa yao ya kutoka chuoni ilikuwa haijafika.

Kwa hiyo sikwambieni "kuweni macho muda wote", maana hakuna awezaye, na anayesema anaweza simpandi. Nakwambieni punguzeni mwendo hasa pale mnapoamini hapana mtu, kwani hapo jicho limelegea. Na msimu huu wa karafuu ndio zaidi: majamvi yameanikwa ukingoni, mvua ikitishia watu hukurupuka kuzizoa bila kutazama njia, na mvua ya Pemba haina saa.

Kona ya chuoni ipiteni kwa gia ya pili, hata usiku. Abiria akikuhimizeni, mwambieni mzee kakataza.