Jeshi letu la mifupa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa gundi tangu juzi, na nadhani umeshajua sababu. Uliniuliza kama jeshi letu la wafu, zile sanamu ndogo za mifupa tulizochezea, bado lina maana chini ya kanuni mpya, na kama ni kweli nataka kuwang'oa askari wote kwenye vitako vyao, vile vibao vidogo vya mraba wanavyosimamia. Nimeshindwa kukujibu kwa mstari mmoja.

Wewe uliiacha Warhammer, ule mchezo wetu wa vita vya mezani, tukiwa bado na toleo la 7 la kanuni, lile la mwaka 2006, kwa hiyo kichwani mwako mifupa yetu ingali inapigana vile vile. Unaikumbuka ile hesabu ya kuamua nani ameshinda pambano? Askari ishirini, watano watano kwa safu nne. Safu tatu za nyuma zinatupa pointi tatu, bendera moja, wingi wetu moja. Tano, kabla dadu haijagusa meza. Wanakuja wapanda farasi watano wa adui na mikuki yao, wanatuvunjia watatu, bendera yao inawaongezea moja: nne kwa tano zetu. Sisi hatujamkwaruza hata mmoja wao, lakini tumeshinda pambano, na kwa kuwa wafu wanatisha na tuko wengi kuliko wao, hawana karibu nafasi yoyote ya kustahimili. Wanatimua mbio. Wapanda farasi wenye silaha nzito wakikimbia mafuvu yenye mikuki iliyopinda! Kwangu hilo ndilo lilikuwa jeshi zima. Askari wetu mmoja mmoja hawakuwa kitu. Wingi wao ndio uliokuwa silaha.

Toleo la 8 lilitoka 2010 na kuiondoa silaha hiyo mkononi mwetu. Pointi ya wingi ilifutwa, anayevamia akapewa yake moja. Hofu nayo ikageuzwa: adui anarusha dadu kupima ujasiri, akishindwa ustadi wake wa kupigana unashuka hadi 1, basi. Hakimbii tena kwa sababu tu ameshindwa na kiumbe wa kutisha. Lililoniuma zaidi ni kwamba toleo hilo hilo liliwapa askari wa miguu wa majeshi mengine zawadi kubwa: kikosi chenye safu nyingi kuliko adui kilipimwa ujasiri wake bila kupunguziwa kitu, hata baada ya kushindwa vibaya. Wafu hawakuambulia kitu hapo, maana wao hawapimwi ujasiri. Wakishindwa kwa pointi sita, sita wanaporomoka na kuwa vumbi, hata wakiwa na safu kumi nyuma. Ndugu yangu, niliisoma kurasa hiyo mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Sisi tulioujenga mchezo wetu wote juu ya wingi ndio tuliobaki nje wingi ulipoanza kuthaminiwa.

Sitasema toleo lile lilikuwa baya. Askari wa nyuma waliruhusiwa kusogea mbele na kupiga hata wenzao wa mbele wakiuawa kwanza, na hilo lilitufaa sana, kwa vile sisi ni wazito na tunapigwa kwanza karibu kila mara. Lakini nilicheza miaka ile kama mtu aliyevaa shati la mwenzake. Kisha mwaka 2015 mchezo wenyewe ukafungwa, ukaja mwingine wa vitako vya duara, nami nikalifungia jeshi kwenye masanduku.

Sasa hili jipya. Januari 2024 ulimwengu ule wa zamani ulirudi kwa jina la The Old World, vitako vya mraba na safu zake, na wafalme wetu wa makaburini, yaani jeshi letu hili la mifupa, walikuwa miongoni mwa majeshi mawili ya kwanza kuletwa. Nilifungua masanduku usiku ule ule.

Shida ya kwanza ni kitako. Vyetu vina upande wa milimita 20, kanuni zinataka 25. Unaweza kuona ni tofauti ya ukucha, lakini kikosi cha watano kwa safu nne kilichokuwa na upana wa milimita 100 sasa ni 125, na kina kimetoka 80 hadi 100. Panga vikosi vinne bega kwa bega uone: nusu mita kamili. Ule mwanya kati ya kilima na magofu, tuliozoea kupitisha vikosi viwili sambamba, leo unapita kimoja. Nimelazimika kujifunza upya kulipanga jeshi nililolijua nikiwa nimefumba macho.

Ya pili ni kuvamia. Zamani ilikuwa mwendo mara mbili, inchi 8, na tulikadiria kwa jicho kwa sababu kupima kabla kulikatazwa. Wewe ulikuwa na jicho hilo, mimi sikuwa nalo. Leo unapima utakavyo, kisha unarusha dadu mbili na kujumlisha ile kubwa na mwendo wako wa inchi 4. Zile inchi 8 tulizokuwa na hakika nazo, sasa unazipata mara tatu katika kila nne. Ukitaka 10, unahitaji sita, yaani mara 11 katika 36. Nimeipenda kanuni hii. Inaniruhusu kuthubutu, na pia inaniadhibu nikithubutu ovyo.

Kuhusu vitako: hapana, siwang'oi. Nilianza na mpiga mishale mmoja, nikapitisha wembe chini ya nyayo, kifundo cha mguu kikakatika. Nikamgeuza nimgundishe, nikakuta chini ya kitako ile nukta ya bluu uliyokuwa ukiwatia wale uliowapaka rangi wewe. Niliweka wembe chini. Nimekata trei za ubao mwembamba zenye vyumba vya milimita 25, kila askari anakaa katikati ya chumba chake na kitako chake cha zamani, na kikosi kinatimiza kipimo bila mtu kuguswa. Mchanga niliojazia mapengo umekubaliana na rangi uliyochagua wakati ule, ile ya udongo mwekundu.

Vikosi vitatu viko tayari. Cha nne ni chako, wale ishirini wenye ngao, na nimeacha trei yake tupu kwa sababu sikumbuki nani alisimama wapi. Niandikie: yule asiye na taya, alikuwa safu ya mbele kulia, au ndiye aliyeshika bendera?

Ni mimi, wako wa siku zote.