Jedwali lenu la alama limewaonea nyoka na wenzake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu maana za wanyama na mimea katika dini na tamaduni mbalimbali, nami nawashukuru kwa kuligusa somo ambalo magazeti mengi hulipita. Kilichonifanya nishike kalamu ni jedwali lililoambatana nayo, ambamo kila kiumbe kimepewa maana moja kwa neno moja: bundi ni kifo, nyoka ni Shetani, popo ni uchawi. Msomaji ataondoka akiamini kwamba maana imo ndani ya mnyama mwenyewe kama madoa ya chui, ilhali ni watu wanaompa, tena kwa sababu inayoweza kuelezwa.

Nianze na nyoka, kwa kuwa hapo ndipo kosa lilipo kubwa zaidi. Ni kweli kwamba katika kitabu cha Mwanzo nyoka ndiye anayemshawishi Hawa. Lakini katika Biblia hiyohiyo, Hesabu mlango wa 21, Musa anaamriwa kutengeneza nyoka na kumweka juu ya mti, ili kila aliyeumwa amtazame apone. Baadaye mfalme Hezekia anamvunjavunja nyoka huyo wa shaba, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Na Injili ya Yohana inamrejea tena, ikifananisha kuinuliwa kwake na kuinuliwa kwa Mwana wa Adamu. Mshawishi, tiba, sanamu ya kuabudiwa, mfano wa wokovu: neno gani moja litayabeba hayo yote? Ama Kurani, mmeiweka kapu moja na Biblia, na hapo mmekosea waziwazi. Katika kisa cha Adamu na mkewe, anayewatia wasiwasi ni Shetani, wala nyoka hatajwi. Anatajwa kwingine, fimbo ya Musa inapogeuka nyoka, na huo ni muujiza wa Mwenyezi Mungu. Wagiriki wa kale nao walimzungusha kwenye fimbo ya Asklepio, mungu wa uponyaji, na fimbo hiyo imo mpaka leo katika nembo ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa popo, sababu haitokani hata na tabia za mnyama. Katika Kichina, silabi ya mwisho ya jina lake hutamkwa sawa na neno la baraka, yaani fu. Basi mchoraji anapopamba sahani kwa popo watano, anamtakia mwenye sahani baraka tano, ikiwamo umri mrefu. (Wakristo wa mwanzo walifanya jambo la jamaa hiyo kwa samaki: herufi tano za jina lake kwa Kigiriki walizisoma kuwa mianzo ya maneno Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi.) Bundi naye, ambaye Warumi walimwogopa kama mleta msiba, alikuwa ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima, sura yake ilipigwa kwenye sarafu za fedha za Athens, na sasa imo kwenye sarafu ya euro 1 ya Ugiriki.

Nimeshangaa pia kwamba yungiyungi limeachwa, maana hakuna ua linaloonyesha sababu yake kwa uwazi zaidi. Mizizi yake imo topeni. Jani lake lina nta na vinundu vidogo mno, hivyo tone la maji likiliangukia hujiviringa kama shanga na kudondoka likiwa limebeba vumbi. Wabudha na Wahindu hawakulazimika kutafuta mbali mfano wa moyo unaoishi duniani bila kuchafuliwa nayo.

Naomba, basi, mstari wa nyoka usahihishwe katika toleo lijalo, hasa pale palipotajwa Kurani, na jedwali likichapishwa tena liongezewe safu mbili: alama hiyo ni ya nani, na imetokana na nini.

Wasalaam,
Msomaji wenu