Risala ya kikundi cha Biblia na historia ya kanisa kwa mgeni rasmi, Masasi

Mheshimiwa mgeni rasmi, baba padre wetu, makatekista, wazee wa kanisa, akina mama, wanakwaya na wageni wote mliotoka vijiji vya jirani, Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama, pili tunakushukuru wewe mheshimiwa kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako ilivyobana na vumbi la barabara ya huku umelionja mwenyewe asubuhi hii. Karibu sana Masasi, hapa ni nyumbani.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza na watu wachache waliokuwa wanabaki baada ya misa ya Jumapili, tunasoma sura moja ya Biblia halafu tunaangalia Wakristo waliotutangulia waliiishi vipi hiyo sura, na ndio tunavyofanya mpaka leo. Tukisoma Matendo 8, pale Mwethiopia anapomwambia Filipo hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza, hatuishii hapo, tunaenda mpaka Carthage mwaka 203 kwa Perpetua aliyekuwa na mtoto mchanga na Felisita aliyejifungua akiwa gerezani, wote wakauawa uwanjani kwa kukataa kumkana Kristo, na hiyo ni Afrika hii hii, upande wa kaskazini. Tunapita kwa Athanasio wa Aleksandria na mtaguso wa Nikea wa 325, ule mkutano wa maaskofu ulioandika kanuni ya imani, ndio maana leo hata kijana wa kidato cha pili hapa mtaani ukimuuliza ile imani tunayoikiri kila Jumapili imetoka wapi anakujibu bila kubabaika.

Halafu tunarudi nyumbani. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Zanzibar mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, nia ilikuwa kusonga mbele zaidi kuelekea Nyasa lakini wale watu walipofika hapa Masasi wakaona hapa panafaa, wakakaa. Kanisa la huku limeanzishwa na watu waliokuwa wameuzwa sokoni, mheshimiwa, hilo tunawafundisha watoto kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakavamia, wakachoma, wakachukua watu mateka, wengine wakahamia Newala, na bado imani haikuzimika. Padre Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa upadre 1890, wa kwanza Mwafrika katika misheni ile, akafanya kazi Chitangali huku huku kusini. Akaja Askofu Vincent Lucas mwaka 1926, huyo anajulikana kwa kulichukua jando letu na kulitia sala badala ya kulifuta, na kuanzia 1960 mpaka 1968 tukawa na Askofu Trevor Huddleston ambaye alikuwa ametoka kupigana na ubaguzi Afrika Kusini kwa jina la Injili. Kuna wazee wamekaa pale mbele leo walimwona kwa macho yao, wakipewa nafasi wanaongea mpaka jioni.

Mafanikio yetu ni makubwa sana na tunayasema kwa utukufu wa Mungu. Familia mbili zilizokuwa hazisalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la mikorosho zimepatana baada ya somo la Mathayo 5, lile la kuacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, walipatana kweli na mpaka wameuweka upya pamoja. Shamba la mjane mmoja jirani na kanisa tunalipalilia kila msimu. Vijana waliokuwa wanashinda kwenye pool table sasa wanakuja darasani wenyewe bila kuitwa. Tunathubutu kusema kusini yote hakuna kikundi cha walei kilichofika hapa tulipofika, na kama kipo tunaomba kikaribishwe tujifunze kwake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini maana hapa ndipo penye shida yenyewe.

Darasa letu tunasomea chini ya mwembe. Kiangazi hakuna tatizo, ila mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili masomo yanakufa mpaka mwezi wa nne, kila mwaka tunaanza upya kama watu ambao hawajawahi kusoma. Kanisani hatuwezi kuingia kila siku, kuna ibada, kuna mafundisho ya kipaimara, kuna misiba. Na tatizo sio kukaa tu. Vitabu vya ubatizo vya zamani, daftari za makatekista, picha za wazee wetu na madaftari ambayo tumeandika masimulizi ya wazee, vyote vimepangwa kwenye boksi za karatasi kwenye stoo ya kanisa na mchwa wameshaingia. Kuna kitabu kimoja ukikifungua kurasa za katikati zimekuwa unga. Majina ya watu waliobatizwa, mababu zetu hao, yameliwa, na hayo hayapo sehemu nyingine yoyote, yakishapotea yamepotea. Na wale wazee tuliokuonyesha pale mbele hawatakuwepo miaka yote, tunataka kukaa nao sehemu tulivu, kavu, turekodi wanayoyajua.

Ndio maana tuliamua kujenga. Hatukusubiri mfadhili, msimu wa korosho kila mwanakikundi alitoa kilo alizoweza, asiye na korosho alisomba maji na mchanga, tofali tumechoma wenyewe, fundi ni mwenzetu wa kwenye kikundi alifanya kwa nusu ya malipo. Boma la vyumba viwili limesimama mpaka kwenye linta, umeliona wakati unaingia, kimoja cha darasa na kimoja cha kutunzia hizo kumbukumbu. Tumekwama kwenye kupaua.

Na hapa mheshimiwa tunaomba utuwie radhi tuseme kitu kinachotuuma, tunakisema kwa heshima zote na sio kwa ajili yako kwa sababu wewe ndio mara yako ya kwanza kufika. Katika sherehe kama hii tulishampata mgeni rasmi aliyesimama hapo hapo akatuahidi bati zote za jengo, tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, akavishwa kitenge, tukapiga na picha. Tuliamini, tukaacha kuchangishana kwa sababu bati zinakuja. Tukafuatilia kwa simu tukaambiwa yupo kwenye kikao, tukatuma barua, tukatuma wajumbe wawili kwa nauli ya kikundi wakakaa mapokezi mpaka jioni wakarudi. Baada yake akaja mwingine akasema hilo la bati ni dogo aachiwe yeye, na yeye pia hatujamwona tena. Wakati sisi tunasubiri mvua imenyesha misimu miwili juu ya boma lisilo na paa, ukuta wa upande wa mashariki umelainika juu, tofali za mistari miwili tumelazimika kubomoa tukaanza kupanga upya. Kwa hiyo ahadi ile haikutuacha pale pale tulipokuwa, iliturudisha nyuma, tungejua mapema kwamba hakuna kitu tungeendelea na kilo zetu za korosho taratibu na leo labda ungetukuta ndani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunasoma Yakobo sura ya pili, pale anaposema ndugu yako hana nguo wala riziki ya siku halafu wewe unamwambia nenda kwa amani ukaote moto na kushiba bila kumpa kitu, inafaa nini. Darasa lilikaa kimya kabisa kisha bibi mmoja akasema, mwandikieni mgeni rasmi hilo. Tumetii mheshimiwa, tumeandika. Hata sisi wenyewe tumejipima kwa mstari huo huo, ndipo tukaamua shamba la yule mjane tulipalilie mpaka mavuno na sio siku moja ya kupiga picha.

Ombi letu ni moja. Tunaomba bati 80 za mita tatu, geji 28, pamoja na mbao za kenchi na misumari yake. Milango, sakafu na makabati ya chuma ya kuwekea vitabu tutabeba sisi wenyewe msimu ujao wa korosho, hayo hatukuombi. Na hatuombi hela mkononi. Profoma ya duka la vifaa hapa Masasi mjini ipo kwenye bahasha utakayokabidhiwa pamoja na risala hii, ukiguswa unaweza kulipa moja kwa moja dukani, mzigo ukaletwa na gari la duka, na sisi tutakuandikia barua ya kupokea yenye sahihi ya padre na muhuri wa kanisa. Ukiweza nusu, sema nusu, tutashukuru nusu kwa moyo wote na nyingine tutajua tunaitafuta wapi. Ukiweza bati kumi tu, kumi zitapauliwa upande wa chumba cha kumbukumbu kwanza ili vitabu vitoke kwa mchwa kabla ya Desemba. Na kama kwa sasa haiwezekani kabisa mheshimiwa, tunakuomba kwa unyenyekevu utuambie leo hapa hapa, hakuna atakayekasirika, chakula kipo na utakula na sisi vizuri tu, ila kesho asubuhi tutakaa kikao turudi kwenye kilo zetu mapema mvua isitukute tena tunasubiri simu.

Kama utatoa ahadi tunaomba utaje na tarehe, katibu yupo hapa na kalamu.

Tunakutakia wewe na familia yako afya njema na safari salama ya kurudi, na siku ya kuezeka tutakualika uje upigilie bati la kwanza.

Naomba kuwasilisha.