Shukrani kwa dada wa koti la kijani, Chicago

Dada, jina hukutaja, basi tunakushukuru hadharani. Onyesho lilikuwa limekwisha Chicago Theatre, na mama yetu wa kiti cha magurudumu alikuwa chini ya kituo cha treni za juu cha State/Lake. Kituo hicho cha mwaka 1895 kilikuwa na ngazi tupu, lifti hakuna. Wapita njia wawili walishaanza kukinyanyua kiti, hatari tupu kwenye chuma chenye unyevu.

Ukawazuia kwa upole. Ukamsukuma mama hadi mtaa wa Randolph, mkaingia mtaa wa Wabash, mpaka kituo cha Washington/Wabash cha mwaka 2017: kina lifti, na njia zilezile tano za treni hupita hapo. Juu ukamwita mhudumu alete ubao wa kuvukia pengo kati ya jukwaa na behewa. Tena ukamtajia kituo cha kushukia (wengi husahau hili!) ili ubao umsubiri mama huko. Ndani ukafunga breki zote mbili.

Mungu akuzidishie, dada. Nanyi mnaopenda kusaidia, msibebe kiti kikiwa na mtu. Ulizeni kwanza lifti iliyo karibu.