Yah: Kazi ya kuziba maji ya mvua kwenye Land Rover yangu haikufanyika

Kibosho,
Moshi.
24 Aprili 2025

Meneja wa Gereji,
Moshi Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari, masika yakiwa bado, nilileta kwenu Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, kwa tatizo moja: mvua ikinyesha, maji yanaingia miguuni kwa abiria wa mbele. Mkaandika makadirio, nikalipa shilingi 620,000, na risiti ya EFD ninayo. Nikakabidhiwa ufunguo na neno "imekwisha hiyo, mzee". Mvua za Machi zilipoanza, miguuni kwa abiria kukalowa vilevile, na milango ya mbele, ambayo haikuwa na shida yoyote, ikaanza kujaa maji. Nimepiga simu, nimekuja mwenyewe, na jibu nililopewa kaunta ni kwamba dhamana yenu haihusu magari ya zamani.

Nianze na hilo la uzamani, maana naona ndiko mnakojificha. Bodi ya 110 ni mabati ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti na bolti, na kila bati linapokutana na lingine pana mpira au gundi ya kuzuia maji. Mpira unazeeka, unakauka, unapasuka. Hata magari haya yalipokuwa bado yanatoka kiwandani Solihull, Uingereza, hadi la mwisho Januari 2016, kuvuja kwake kulikuwa utani wa wenye nayo. Fundi wenu kijana aliniambia, "Mzee, hizi hata za Malkia zilikuwa zinavuja," nikacheka naye. Lakini kama mliona haiwezekani, mngesema kabla ya kupokea pesa. Dhamana ninayoidai ni ya kazi yenu ya Februari, na kazi hiyo haijafikisha hata miezi mitatu. Umri wa gari mliujua, mmeuandika wenyewe kwenye ankara.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hamkutafuta. Mliziba tu. Gari likiingiza maji ya mvua, kazi yenyewe ni kutafuta yanapopenyea, kwa sababu maji hayaingilii pale yanapoonekana. Yanaweza kupenya kwenye ukingo wa paa, yakatambaa juu ya siling, yakashuka na nguzo ya kioo, yakatokezea chini ya mkeka upande ambao hukuutarajia. Ndiyo maana fundi makini hutoa mikeka kwanza, akakausha kila kitu, kisha akamwagia maji ya bomba ya kawaida, taratibu, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja moja, huku mwenzake akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yanateremka yanalowesha kila mahali na hutajua yapi yametoka wapi.

Siku ile nilikuwepo. Kijana alichukua mashine ya kuoshea magari, akalipiga gari lote kwa presha kuanzia paani, mikeka ikiwa imetandikwa na ndani hayupo mtu. Presha ile inapenyeza maji hata mahali ambapo mvua haijawahi kufika. Swali la kwanza kabisa, kwamba je, haya ni ya mvua au ni ya rejeta yanayotoka kwenye hita, hakuna aliyeliuliza. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba kiangazi miguuni hapo ni pakavu. Baada ya kupiga presha, akafuata bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia. Kijana mwenyewe simlaumu sana. Hakuna aliyemwelekeza, na wa kumsimamia hakutoka ofisini.

Nilipochoka kusubiri nililipeleka gari kwa fundi bodi mmoja wa Majengo, ambaye hana hata banda, anafanyia kazi chini ya mwembe. Alianza na vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, unavyovifungua kutokea kwenye dashibodi. Alipofungua cha kushoto, alitoa kipande cha sponji la godoro. Sponji la njano, limekatwa kwa wembe, limebandikwa kwa gundi ya viatu. Akalikamua mbele yangu, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hapo panatakiwa mpira laini usionyonya maji. Sponji la godoro linakunywa kila tone, linalihifadhi, halafu linalidondosha ndani polepole hata mvua ikiwa imekatika tangu jana. Na muda wote huo limelalia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ambao kwenye Defender ndio unaowahi kuoza kwa kutu. Kuupata mwingine si mchezo, na bei yake mnaijua kuliko mimi.

Kisha tukatazama chini ya fremu ya kioo. Ankara yenu inasema "mpira mpya wa chini ya fremu, 145,000". Mpira huo haupachikwi bila kulegeza bolti za fremu na kuinyanyua kidogo. Bolti zile bado zina rangi ya kijani juu ya vichwa vyake, nzima, bila hata mkwaruzo wa spana, na ni rangi iliyopulizwa nilipolipaka gari upya mwaka 2017. Mpira wenyewe una rangi hiyohiyo kwenye ukingo wake. Mpira mpya hautoki dukani ukiwa na rangi ya gari langu. Juu yake mmepaka silikoni nene, ndefu kutoka pembe hadi pembe. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mimi nimelipia mpira ambao haujawahi kufika kwenye gari.

Milango nayo. Kwa gari lolote lile, liwe la zamani au la mwaka huu, maji kiasi hupita kando ya kioo cha mlango na kuingia tumboni mwa mlango, ndiyo maana chini yake kuna vitundu vya kuyatolea. Kijana wenu aliona maji yakichuruzika pale baada ya kupiga presha, akadhani ndipo panapovuja, akaviziba vyote. Ukifunga mlango wangu sasa, maji yanacheza ndani kama dumu lililojaa nusu. Milango hii ina fremu ya chuma na bati la nje la alumini. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa kudumu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Fundi wa Majengo alipochokonoa kitundu cha kwanza kwa bisibisi, maji yalitoka ya rangi ya chai.

Na hiyo silikoni mliyotumia ni ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi hiyo hushambulia chuma kilicho wazi. Zaidi ya hapo, penye silikoni rangi haishiki. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuweka gundi sahihi ya bodi, lazima aikwangue yote na kupiga msasa. Fundi alitumia muda mwingi zaidi kubandua kazi yenu kuliko kutengeneza gari. Kumlipa mtu aondoe nilicholipia kiwekwe, kwa kweli, kunauma.

Hadi leo nimegharamia shilingi 90,000 kwa kukwangua silikoni ya milangoni na kwenye vifuniko vya hewa, kuzibua vitundu, na kuweka mpira unaotakiwa kwenye kifuniko cha kushoto. Fremu ya kioo sijamruhusu aiguse. Nimeiacha kama mlivyoiacha, na silikoni yake, ili mje mwone kwa macho yenu kabla hamjasema nimeichezea. Gari linalala chini ya turubai.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe shilingi 145,000 za mpira ambao haukuwekwa na shilingi 90,000 nilizomlipa fundi mwingine. Kuhusu fremu, chagueni: ama mfunge mpira mpya nikiwepo, mnikabidhi ule wa zamani mkononi, kisha tulijaribu gari kwa maji ya bomba mikeka ikiwa nje, ama mnirudishie na fedha ya ufundi yote nikafanyie kwingine. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha za bolti na lile sponji, ambalo nimelihifadhi kwenye mfuko.

Gari lipo nyumbani na linaweza kukaguliwa siku yoyote ya kazi kuanzia saa nane mchana. Mkimtuma mtu, naomba asiwe yule kijana peke yake. Aje na aliyeandika ankara.

Wenu,

Mteja
(jina na namba za gari zimo kwenye ankara)

Viambatanisho: nakala ya ankara, nakala ya risiti ya EFD, picha.